Mitungi Chotara Katika Nyumba ya Lamu

Mkaazi wa Lamu anayetaka kuotesha nepenthesi, mmea wa mtungi unaokula wadudu, hana haja ya kujenga nyumba ya vioo wala kununua kipasha joto kama wafanyavyo wapenzi wake wa Ulaya, kwa kuwa joto na unyevu wa hewa tumepewa bure. Kinachouua mmea huu kwetu ni chumvi na chokaa, na mara nyingi vyote viwili huufikia kwa njia ya maji. Ndiyo maana nitaanza na maji kabla ya kuueleza mmea wenyewe.

Nepenthesi imezoea ardhi fukara. Hutega wadudu kwa sababu mizizi yake haipati naitrojeni ya kutosha. Mizizi hiyo ni myembamba na dhaifu, na madini yakizidi huiunguza. Mmea wangu wa kwanza niliunywesha maji ya kisima kwa miezi mitatu, maji ambayo sisi wenyewe tulikuwa tukiyasifu kwa utamu. Ncha za majani zikageuka kahawia, na kila mtungi mpya ukakauka ungali mdogo kama punje ya kunde. Tangu hapo natumia maji ya mvua peke yake. Mvua za kwanza za masika ziachwe zioshe paa, kwani upepo wa kaskazi huwa umelipaka vumbi na chumvi ya bahari kwa miezi kadhaa. Maji ya paa la mabati yaliyokwisha kuoshwa ni mazuri. Ya dari iliyosakafiwa kwa chokaa hayafai, na birika la kale lililopigwa lipu ya chokaa halifai kwa sababu iyo hiyo, hata likiwa safi namna gani. Maji mazuri yahifadhiwe katika mapipa ya plastiki yenye vifuniko, mbu wasije wakazaliana humo. Mwenye kipimo cha madini ya maji ahakikishe kiwango hakipiti sehemu 50 kwa milioni, na akiona 100 asiyatumie. Pipa likikauka katikati ya kaskazi, maji yaliyokenekwa (distilled water) huuzwa madukani kwa ajili ya betri za gari, ila chupa isomwe vizuri, kwa maana tindikali ya betri nayo huwekwa katika chupa zinazofanana nazo.

Katika kuchagua mmea, swali la kwanza ni wazazi wake walitoka mahali gani. Nepenthesi ya milimani, kama vile rajah wa mlima Kinabalu huko Borneo, hutaka usiku wa baridi ambao Lamu haina, nayo hufifia polepole hata ikitunzwa kwa mapenzi yote. Chotara, yaani mimea iliyozaliwa na aina mbili tofauti za nepenthesi, ni wavumilivu zaidi. Ventrata, chotara wa asili wa Ufilipino aliyezaliwa na ventricosa na jamaa wa alata, ndiye ninayemshauri kila anayeanza. Miranda, ambaye huaminiwa kuwa ni mtoto wa mixta na maxima, hutoa mitungi mikubwa yenye mabaka mekundu na hustahimili joto. Hookeriana, aliyetokana na ampullaria na rafflesiana, ni wa nyanda za chini hasa, na hali yetu ya hewa humfaa. Nepenthesi zote zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kwa hiyo atakayeagiza kutoka nje atafute kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, na karatasi za mkataba huo, na anunue mimea iliyooteshwa kitaluni, si iliyong'olewa msituni.

Mchanganyiko wa kupandia nautengeneza kwa sehemu mbili za usumba wa nazi, sehemu moja ya makaa yaliyopondwa na sehemu moja ya pumisi, yale mawe mepesi ya volkano. Usumba usitokane na makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusokota kamba, kwani yamelowa chumvi hadi ndani. Hata yale makavu huyaloweka katika maji ya mvua na kubadilisha maji hayo mara tatu. Samadi, mbolea na mchanga wa matumbawe visikaribie chungu, na chungu chenyewe kiwe cha plastiki.

Mahali pazuri ni kiwanda, kwa maana yetu ya Lamu ya uwanja wa ndani usioezekwa, ambamo jua la asubuhi huingia na upepo wa bahari hauvumi moja kwa moja. Jua la mchana likatwe kwa wavu wa kivuli. Mmea usiwekwe chini ya ukuta unaobanduka lipu. Mmea ukinyima mitungi huku majani yakiwa ya kijani kibichi cha giza, mara nyingi unalilia mwanga. Mwagilia juu, maji yapite na kutoka chini, wala usiuache usimame katika sahani ya maji. Kuhusu chakula sina mengi: sisimizi na nzi watakuja wenyewe. Nyama na wali huoza mtungini, na nimewahi kuokota humo kipande cha sambusa kilichotiwa na mjukuu wangu kwa huruma.

Mtungi si ua. Ni ncha ya jani iliyorefuka ikawa kikono, kisha ikavimba na kufunguka kifuniko. Utazame adhuhuri, ukingo wake ukiwa mkavu, uone sisimizi wakiramba utamu na kurudi salama kuwaita wenzao. Utazame tena hewa ikipata unyevu, ukingo uleule ukilowa na kuwa utelezi, wale walioitwa wakiporomoka kwa makundi. Katika chotara kuna raha nyingine, ya kuwatafuta wazazi katika sura ya mtoto. Kiuno cha ventrata, kilichobanwa kama cha gudulia, ni cha ventricosa. Unene wa hookeriana ni wa ampullaria, ambaye hujilisha zaidi majani makavu yanayodondoka, na madoa yake ni ya rafflesiana, mla wadudu. Mixta, mzazi wa miranda, aliyetolewa na kitalu cha Veitch cha Uingereza mwaka 1893, alirithi ukingo mpana wenye mistari kutoka kwa northiana, mmea uliopewa jina la mchoraji Marianne North, aliyeuchora huko Sarawak mwaka 1876. Northiana huota kwenye miamba ya chokaa, lakini asidanganyike mtu akadhani kuta zetu zitamfaa mjukuu wake, miranda.

Shina likirefuka, likate vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, punguza majani nusu, kisha upandikize katika usumba wenye unyevu, kivulini. Mizizi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Anayetaka kuzalisha chotara wake mwenyewe ajue kwamba kila mmea ni dume au jike, na kwamba katika kuandika jina jike hutangulia. Chavua mbichi ipakwe kwa brashi laini juu ya maua ya jike. Mbegu zitakazopatikana, nyembamba kama nyuzi, zipandwe zingali mbichi juu ya usumba bila kufukiwa, chini ya kifuniko cha plastiki, kwa maana zikikaa kabatini miezi michache nyingi haziwezi tena kuota.