SOMO: Kukuza taragoni nyumbani penye baridi (na hapana, haioti kwa mbegu)

Wakuu, naandika mara moja ili nisiandike tena. Kila nikifungua ujumbe nakuta mtu analalamika taragoni yake (mmea ambao majani yake ni kiungo cha jikoni) ni kubwa, inapendeza, lakini haina ladha. Au ilikufa wakati wa baridi. Majibu yote mawili yako humu. Someni kwanza, maswali baadaye.

Taragoni ziko mbili. Ya Kifaransa ndiyo yenye harufu ya anisi (au shamari, kama hiyo ndiyo unayoijua), na ukitafuna jani lake ulimi unapata ganzi kidogo. Huchanua kwa nadra, na hata ikichanua hupati mbegu ya kupanda. Ya Kirusi inazaa mbegu, inarefuka hadi mita 1.5, haisumbui chochote, na ukiila ni kama umekula nyasi. Kwa hiyo pakiti yoyote ya mbegu iliyoandikwa "taragoni", ndani yake kuna ya Kirusi. Basi.

1. Tafuta mche, kipande cha mzizi au kipandikizi cha shina. Onja jani kabla hujalipa.

2. Iweke penye jua, saa 6 kwa siku au zaidi.

3. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche.

4. Mbolea kidogo tu. Ukiinenepesha itakupa majani mengi yasiyonukia.

5. Maji wakati wa baridi. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wa kwanza niliipanda kwenye chungu, ikastawi. Baridi ilipoingia mashina yakageuka manjano, yakakauka hadi chini. Nikadhani ina kiu. Nikamwagilia kila baada ya siku moja, nikaweka sahani chini ili "isikose maji", kisha nikakivika chungu mfuko wa nailoni. Joto liliporudi nikavuta shina, likaja lenyewe bila mzizi. Nikafukua: mizizi ya kahawia, laini kama tambi zilizopitiliza jikoni, ukiibana ganda linabaki vidoleni, na harufu ni ile ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chupa. Baridi haikuiua. Niliizamisha mwenyewe. Mmea huu hufa juu na kulala chini. Ukiwa umelala haunywi, maji yanakaa, mizizi inakosa hewa na kuoza.

Kwa hiyo: HAKUNA sahani chini ya chungu. Changanya theluthi moja ya changarawe ndogo au mchanga wa chembe kubwa kwenye udongo WOTE. Ukiitandika chini peke yake haisaidii, maji yatasimama juu yake tu. Inua chungu juu ya matofali. Mashina yakishakauka, mwagilia pale tu ukichomeka kidole na kukuta udongo mkavu. Iliyoko ardhini iache na mvua yake. Matandazo ya majani makavu ni mazuri, ila usiyarundike juu ya shina lenyewe. Na usiihamishie sebuleni kwenye joto kwa huruma. Inahitaji kulala.

6. Vuna kwa kukata ncha. Itachipua pembeni.

7. Kila baada ya miaka 2 au 3, chipukizi zinapoanza kuonekana, ichimbue, igawe, panda upya vipande vyenye afya.

MASWALI

Jembe Butu: Mkuu somo zuri. Mbegu nazifukia kina gani?

Jibu: Rudi aya ya pili.

Jembe Butu: Lakini picha kwenye pakiti ni ile ile.

Jibu: Picha haionjwi.

Mama Rehema: Yangu ilikauka yote nikaing'oa nikatupa. Inamaanisha ilikuwa hai?

Jibu: Pole dada, huenda. Siku nyingine fukua kidogo pembeni. Mzizi mgumu wenye rangi ya krimu ndani uko hai. Ukiwa laini na unanuka, hapo tupa.

Mzee wa Dirisha: Mnatutisha bure. Yangu iko ndani muda wote na imestawi.

Jibu: Ina muda gani?

Mzee wa Dirisha: Miezi 4.

Jibu: Tuonane ikipita miezi 12.

Mdadisi: Kama haina mbegu, imesambaa vipi? Na kwa nini tuigawe wakati inakua vizuri?

Jibu: Hili ndilo swali. Imesambaa mkono kwa mkono, kipande kwa kipande. Mche wako ni kipande cha mche wa mtu mwingine, naye alikatiwa na mwingine. Kuhusu kugawa, chimbua ya miaka 3 utaona mizizi imejisokota kama nyoka. Jina lake la kisayansi, *Artemisia dracunculus*, lina neno la Kilatini la joka dogo, na wengi husema ni kwa sababu ya mizizi hiyo. Ikijisonga, mmea unachoka na ladha inapungua. Kama hutaki kuchimbua, mwanzoni mwa kiangazi kata ncha changa ya sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina), ondoa majani ya chini, chomeka kwenye udongo wa kichanga wenye unyevu, kivulini. Chomeka kadhaa, maana si zote zitakazoshika.

Mama Rehema: Na madoa ya rangi ya chungwa chini ya majani?

Jibu: Kutu, ugonjwa wa kuvu. Kata yaliyoathirika, usiyatie kwenye mboji. Panua nafasi hewa ipite.

Kijiko: Nyongeza, wakuu. Ikikauka harufu inapotea. Mimi nakatakata mabichi, nachanganya na siagi, nagandisha. Na jikoni tia mwishoni.

Mdadisi: Mimi naloweka matawi kwenye siki nyeupe wiki 2, kisha nachuja. Majani yazame yote, yakielea yanaota ukungu.

Jibu: Kijiko na Mdadisi, ahsanteni. Hiyo ya siagi naijaribu leo.

Jembe Butu: Hiyo siki, nikitumia ya Kirusi itakubali?

Jibu: Itakuwa siki.