Biskuti za sikukuu zenye sukari kidogo: kuoka na watoto, hatua kwa hatua

Biskuti hizi nimezioka na watoto sikukuu nyingi sasa, na kipimo chake nilikifikia polepole. Mara ya kwanza niliondoa sukari yote kwa mkupuo mmoja na kutumia unga usiokobolewa mtupu. Watoto walikata nyota na miezi kwa furaha, kisha zilipotoka kwenye oveni wakamega kidogo na kuziacha mezani. Siku hiyo niliumia, kwa sababu walikuwa wamefanya kazi ya kweli na matunda yake hayakulika. Tangu hapo napunguza sukari kidogo kidogo, naongeza tende na viungo, na sasa sahani inarudi tupu.

Kabla ya vipimo, elewa sukari inafanya nini ndani ya biskuti, maana kazi yake haiishii kwenye utamu. Inashika maji, ndiyo maana biskuti haikauki upesi. Inayeyuka motoni na kuifanya itandae. Inaipa rangi ya kahawia. Ukiiondoa yote, unapata kitu kigumu, cheupe, kilichokaa vilevile ulivyokiweka kwenye trei. Tende zinarudisha unyevu na rangi. Kutanda hakurudi, lakini kwa anayekata maumbo hiyo ni heri: nyota inaingia nyota na kutoka nyota.

Wengi huniuliza kwa nini sitii asali badala ya sukari. Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya asali pamoja na sukari ya kawaida, katika kundi lile lile linaloshauri lisizidi asilimia 10 ya nishati tunayopata kwa chakula, na ikiwezekana lishuke chini ya 5. Kubadili jina hakupunguzi kitu. Isitoshe, asali haifai kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata ikiwa imeokwa.

Utahitaji

Kwa biskuti ndogo 40 hivi:

- unga wa ngano usiokobolewa, gramu 150
- unga mweupe wa ngano, gramu 100
- siagi iliyolainika, gramu 100
- tende laini, gramu 120 baada ya kutoa kokwa
- sukari, gramu 40
- yai 1 (kiini kinaingia kwenye unga, ute unabaki kwa kupaka)
- mdalasini wa unga, kijiko cha chai 1
- iliki ya kusaga, nusu kijiko cha chai
- beking pauda, nusu kijiko cha chai (si hamira, hatuumui mkate)
- chumvi, chembe kidogo
- maji ya moto, vijiko vikubwa 2

Kila biskuti inabeba takriban gramu moja ya sukari iliyoongezwa. Usipunguze iliki wala mdalasini. Harufu ndiyo inayomfanya mtoto aone utamu mahali ambapo sukari ni chache.

Hatua ya 1: Tende

Toa kokwa, kisha pitisha kila tende vidoleni mara ya pili, maana kokwa moja iliyojificha inatosha kuvunja jino la mtoto. Katakata, mimina maji ya moto, funika kwa dakika 15. Maji yakishapoa, mpe mtoto mdogo uma na umwachie aponde hadi tende ziwe kama uji mzito. Hii ni kazi ya mtoto wa miaka mitatu au minne, na ataifanya kwa moyo wote. Yakibaki mabonge madogo, yaache. Ukiuma biskuti utayafurahia.

Hatua ya 2: Kupima

Tumia mizani ikiwa unayo. Mtoto wa miaka sita anaweza kusoma namba, na kumwona akiongeza unga kijiko kwa kijiko mpaka namba ifike 150 ni kumfundisha hesabu bila daftari. Kikombe hudanganya: unga ulioshindiliwa huzidi, na unga ukizidi biskuti inapasuka. Changanya unga wote, beking pauda, chumvi na viungo kwenye bakuli moja. Ukichekecha unga usiokobolewa, makapi yanayobaki kwenye chekecheo yarudishe bakulini. Ndiyo tuliyoyafuata.

Hatua ya 3: Siagi, sukari, tende

Piga siagi na sukari kwa mwiko mpaka zishikane na kuwa nyepesi rangi, kama dakika mbili. Tia kiini cha yai, kisha tende. Mchanganyiko unaweza kuonekana kama umekatika. Usiogope, unga utaushika.

Mtoto aliyefika miaka minane anaweza kutenganisha yai. Avunjie kwenye bakuli la pembeni, kiini akiinue kwa vidole vilivyonawishwa, ute uchuruzike. Baada ya hapo mikono inaoshwa kwa sabuni, hata kama ana haraka.

Hatua ya 4: Kuunganisha

Mimina unga juu ya siagi, changanya kwa mwiko, malizia kwa mkono. Ukishashikana, acha. Hapa ndipo watoto hupenda kukanda kama wanakanda chapati, na hapa ndipo biskuti inapogeuka ngumu, kwa sababu kukanda kunaamsha ule mvutano wa ngano unaofaa mkate tu.

Watataka kuulamba. Unga mbichi wa ngano haujapikwa na unaweza kubeba vijidudu, na yai bichi vilevile. Kukataza kwa maneno hakusaidii mikono iliyo karibu na bakuli. Mimi hutenga tende chache zilizopondwa kwenye kibakuli tangu hatua ya kwanza, kila mmoja na kijiko chake, na kulamba kunahamia huko.

Hatua ya 5: Kupumzisha

Gandamiza kinyunya kiwe bapa, kifunike, kiweke kwenye friji dakika 45. Usiruke hatua hii. Makapi ya unga usiokobolewa hunywa maji polepole. Ukisukuma mapema, kinyunya kinang'ang'ania meza, unaongeza unga, na biskuti inakauka. Muda huo ndio wa kuosha vyombo na kufuta meza, wote kwa pamoja. Washa oveni nyuzi 170 za Selsiasi zikibaki dakika 15. Kama ina feni, weka 155.

Hatua ya 6: Kusukuma na kukata

Weka kinyunya kati ya karatasi mbili za kuokea, kisha sukuma. Hakigandi, na hakihitaji unga wa kunyunyiza. Unene uwe nusu sentimita. Watoto husukuma kati kati pakawa pembamba na pembeni pakabaki panene, basi waonyeshe kugeuza karatasi robo mzunguko kila baada ya misukumo miwili.

Chagua vikatio vidogo, visivyozidi sentimita 5. Mtoto huhesabu biskuti, hapimi uzito: akila mbili ndogo ameridhika kama aliyekula mbili kubwa. Kwangu mimi hili ndilo limepunguza sukari kuliko hila nyingine yoyote.

Acha maumbo yatoke yalivyotoka. Nyota yenye mguu mmoja mfupi usiirekebishe yeye akiwa anatazama, maana atakapoiona kwenye sahani ataitambua kuwa ni yake.

Hatua ya 7: Mapambo

Rojo la sukari laini linarudisha yote tuliyopunguza. Badala yake, pakeni ute wa yai kwa brashi kabla ya kuoka, kisha nyunyizeni ufuta, nazi kavu au vipande vidogo vya zabibu kavu. Kwa walio chini ya miaka mitano, korosho na karanga zisagwe. Nzima zinaweza kuwakaba. Na ikiwa watoto wa watu wengine watakula, waulize wazazi wao mapema kuhusu mzio wa karanga, ufuta, maziwa, mayai au ngano.

Hatua ya 8: Kuoka

Trei iwe katikati ya oveni, dakika 10 hadi 12. Tende huwahi kuungua chini, hivyo kuanzia dakika ya tisa inua biskuti moja uitazame mgongo. Kingo zikiwa kahawia na katikati bado laini kwa kuguswa, toa. Zitakazaa zenyewe juu ya trei ya moto. Ukisubiri zikaze ndani ya oveni, umechelewa. Mlango wa oveni na trei ni kazi ya mtu mzima tu, na watoto wanasimama nyuma ya mstari mliokubaliana kabla. Sisi hutumia ukingo wa zulia.

Ziache dakika tano, kisha zihamishe kwenye waya zipoe kabisa. Zikifungiwa na joto, mvuke utazilegeza. Kwenye kopo lisilopitisha hewa zinakaa siku nne au tano, na siku ya pili iliki inakuwa imekolea zaidi. Kinyunya kibichi, kikifungwa vizuri, kinakaa kwenye friza mwezi mmoja. Kiokeni kile kile mara mbili bila kubadili kitu. Mara ya tatu shusha sukari iwe gramu 30, na usiwaambie watoto mpaka wamalize kula.