Somo: Kisu kimetoka mafutani, tupa bado inakila

Kisu kimezamishwa kwenye mafuta ili kiwe kigumu, lakini tupa bado inakikwangua. Hapa mafundi wengi wa Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, hukirudisha kisu motoni papo hapo, na ndipo wanapokiharibu. Springi ya gari, tunayochongea visu, kwa kawaida ina kaboni kama asilimia 0.6, nayo ndiyo inayokipa chuma ugumu. Ikiwa nyekundu, oksijeni huila kaboni ya ngozi ya juu, ikatoka kama gesi. Ngozi hiyo haipati ugumu hata uizamishe mara kumi. Ndani chuma ni kizima.

1. Usitoe makali kabla ya moto. Ukingo ubaki na unene wa milimita 1 hadi 1.5.

2. Makaa yawe na kina cha sentimita 15 juu ya mdomo wa feni. Mbele ya mdomo ndiko oksijeni iliko; juu zaidi makaa yameshaimaliza, kwa hiyo kisu kikae huko, kimefunikwa, na upepo uwe wa pole. Bora zaidi ni bomba la chuma lililozibwa upande mmoja, ndani tia kisu na vipande vitatu vya makaa. Lisiwe bomba la maji lenye zinki: moshi wake ni sumu.

3. Fanyia kazi kivulini, jua hudanganya macho. Sumaku huacha kushika karibu nyuzi 770 za Selsiasi. Pandisha kidogo, kama 830, ngoja dakika 5, zamisha kwenye mafuta ya nyuzi 50 hivi.

4. Tupa ikiuma, endelea kusugua palepale. Ikifika mahali ikateleza kama juu ya kioo, ugumu umo. Ikiuma mpaka chini, basi joto halikutosha, au mafuta yalipoza polepole mno.

Kisha pasha nyuzi 200 mara mbili, saa moja kila mara, ndipo usage ngozi laini, ukichovya majini kila mara.

Fundi, nikikizika kwenye unga wa makaa, kaboni itarudi?
Hurudi, ndugu, ila kwa nyuzi 900 na saa kadhaa, na chembe za chuma hukua, kisu kikavunjika upesi. Kusaga milimita 0.2 ni nafuu.

Udongo wa mfinyanzi je?
Unasaidia ukipakwa mwembamba na kukaushwa kabisa. Mzito huchelewesha kupoa.

Nachonga kutoka panga kuukuu, milimita 2 tu.
Hapo huna unene wa kusaga. Bomba, na moto mara moja.