Kuweka manukuu kwenye video za nyumbani kwa ajili ya ndugu kiziwi

Video ya harusi ikizunguka kwenye grupu la ukoo, ndugu kiziwi huona midomo ikicheza na watu wakiangua kicheko, kisha huambiwa "nitakueleza baadaye". Manukuu, yaani maandishi yanayotokea juu ya picha ya video (subtitles), humpa maneno wakati uleule wenzake wanapoyasikia. Unahitaji kompyuta ya Windows, Notepad ya kuandikia na VLC ya kutazamia video; kwa Hatua ya 5 utahitaji pia ffmpeg au HandBrake, programu za kugeuza video. Kwa video ya dakika 5 yenye maneno mengi, anayeanza atenge saa moja na zaidi.

Hatua ya 1: Sikiliza, andika

Ipe video jina fupi lisilo na nafasi, mfano harusi.mp4. Isikilize kipande kwa kipande na uandike kila kinachosemwa. Usifupishe. Shangazi akitania, utani wake uandikwe. Akitoa methali, iandikwe kama alivyoitoa. Kuamua kwamba "hili si muhimu" ni kumnyima tena kile anachonyimwa kila siku.

Sauti zisizo maneno ziweke kwenye mabano ya mraba, na msemaji asiyeonekana mtaje mwanzoni mwa mstari.

Hatua ya 2: Panga muda

Faili la manukuu ni maandishi ya kawaida yenye muundo huu:

1
00:00:03,200 --> 00:00:05,800
SHANGAZI: Mwali wetu huyu hapa!

2
00:00:06,000 --> 00:00:08,500
[vigelegele, ngoma inaanza]

Yaani namba, muda wa kuanza na kuisha, maneno, kisha mstari mtupu. Kabla ya milisekunde ni mkato, si nukta. Ukiweka nukta, baadhi ya programu hazitaonyesha kitu. Ukisahau mstari mtupu, manukuu mawili hugandana.

Kila nukuu isizidi mistari miwili, herufi kama 42 kwa mstari. Video iliyopigwa simu ikiwa wima, shuka hadi 25 hivi. Kadiria herufi 15 kwa sekunde: sentensi ya herufi 60 ikae sekunde 4. Hata "Ndiyo" ipe sekunde moja kamili. Kwa viziwi wengi waliokulia katika lugha ya alama, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, kwa hiyo muda huu usiubane.

Kata mstari pale msemaji anapovuta pumzi. "Mama mkwe amesema / hataki kuchelewa" inasomeka. "Mama mkwe amesema hataki / kuchelewa" inamkwaza msomaji.

Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, iliyomo pia ndani ya Subtitle Edit (programu ya kuhariri manukuu), inaweza kukuandikia rasimu ya Kiswahili. Ipitie neno kwa neno, kwa sababu hukosea majina ya watu, huvuruga Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza, na penye muziki mtupu huweza kubuni sentensi ambazo hakuna aliyezisema.

Hatua ya 3: Hifadhi

Kwenye Notepad chagua "All files", andika harusi.srt (srt ni aina ya faili la manukuu), na usimbaji (Encoding), yaani namna herufi zinavyohifadhiwa, uwe UTF-8. Usipochagua "All files" utapata harusi.srt.txt, na VLC huenda isilitambue. Ukiwa umeandikia Word, angalia alama ya ng'. Word huipinda, na televisheni nyingine zikaonyesha "ngâ€™ombe". Badilisha zote ziwe alama iliyonyooka.

Weka faili kwenye folda moja na video, majina yafanane. Kwa televisheni, flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.

Hatua ya 4: Jaribu

Manukuu yakichelewa kwenye VLC, bonyeza G. Yakiwahi, bonyeza H. Kila mbonyezo ni milisekunde 50, ila faili lenyewe halibadiliki. Kama yamepishana na sauti kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, yasogeze yote kwa pamoja kwenye Subtitle Edit.

Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na sauti, kuyasogeza hakusaidii. Hapo kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, haikulingana, jambo la kawaida kwa manukuu ya filamu yaliyopakuliwa: fremu 25 dhidi ya 23.976 hupishana karibu sekunde 2 na nusu kila dakika. Tumia "Visual sync" ya Subtitle Edit: linganisha mstari mmoja wa mwanzoni na mmoja wa mwishoni, ya katikati yatajipanga.

Hatua ya 5: Chomea kwa ajili ya WhatsApp

Ukituma video WhatsApp, faili la srt haliendi nayo. Lazima maandishi yachomwe ndani ya picha. Fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyohiyo, uandike:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "subtitles=harusi.srt" -c:a copy harusi_manukuu.mp4

Ukiandika njia nzima inayoanza na C:, amri hukwama kwa sababu ya nukta mbili. Ndiyo maana tunaanzia ndani ya folda. Asiyependa amri atumie HandBrake: aingize srt sehemu ya manukuu na kuweka tiki kwenye "Burn In". Tunza video ya awali, maana kilichochomwa hakifutiki.

Kabla ya kuituma kwenye grupu, mwonyeshe ndugu yako kwanza, nawe utazame pamoja naye sauti ikiwa imezimwa. Mwombe akusimamishe kila anapoachwa nyuma. Nukuu hizo ziongezee nusu sekunde, au zigawe mara mbili, kisha uchome upya.