Kabla hujaung'oa mpunga pori, chukua mbegu zake

Nalima mpunga Mbarali, na kwa miaka mingi mpunga pori kwangu ulikuwa wa kung'oa tu. Punje zake nyekundu chache ndani ya gunia zinatosha mnunuzi ashushe bei mbele ya macho yako. Bado naung'oa. Ila siku hizi nachukua mbegu zake kwanza, maana ukorofi wake ndio wanaoutafuta watafiti wa mbegu: unawahi kuota, unachipua sana, na maji yakichelewa husimama wima wakati mbegu yangu ya kisasa, Saro 5, imeshakunja majani.

Kwanza ujue umeshika nini. Chimba kidogo shinani. Ukikuta mashina yanayotambaa chini ya udongo kama ya sangari, huo ni Oryza longistaminata, jamaa wa porini anayeishi miaka na miaka. Nao una thamani yake: jeni (chembe ya urithi) ya Xa21, inayokinga mpunga na ugonjwa wa bakteria unaokausha majani, ilitoka kwenye mmea wa aina hiyo kutoka Mali. Uwekee bahasha ya peke yake. Usipokuta mashina hayo, na mmea unafanana na mpunga wako ila punje zinapukutika ukiugusa, basi ndio mpunga pori ninaousema hapa.

Mara ya kwanza nilisubiri masuke yakauke vizuri kama tunavyosubiri mpunga wa kawaida. Niliporudi baada ya siku nne nilikuta vijiti vitupu, mbegu zote ziko topeni. Sasa, punje za juu zikianza tu kugeuka rangi, nalivika suke kipande cha chandarua chakavu na kufunga kwa uzi chini yake. Mfuko wa nailoni usitumie. Unatoa jasho na mbegu zinaota ukungu.

Kila mmea na bahasha yake. Hapa sina mzaha. Mpunga kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, kwa hiyo kila mmea ni kama ukoo unaojitegemea. Ukizimwaga zote kwenye mfuko mmoja, tofauti uliyokuja kuitafuta umeivuruga. Mimi nakatisha jaruba, kila hatua kumi mmea mmoja, mpaka nifike 30 hivi. Usichague mizuri tu, hata kafupi kenye masuke mawili kachukue. Andika kwa penseli, wino hufutika: tarehe, jaruba, urefu, rangi ya ganda, punje zina ndevu au hazina, na mbegu gani ilikuwa imepandwa jirani.

Nyumbani, menya punje tano za kila bahasha. Zitakuja nyekundu, kahawia, hata nyeupe. Wekundu unatokana na jeni iitwayo Rc, na jeni hiyohiyo ndiyo inayoipa mbegu usingizi, ilale ardhini bila kuota. Usingizi huo unatuudhi shambani, lakini mwulize aliyewahi kuona mpunga wake ukiota kwenye suke kwa sababu mvua imegoma kukatika wakati wa mavuno. Shida ni kwamba mteja hataki mchele mwekundu. Ndiyo maana bahasha yenye punje nyeupe ambazo bado ni nzito kuota naitia alama ya nyota. Kuipima ni rahisi: tandika mbegu 20 kwenye kitambaa chenye maji wiki moja baada ya kuvuna, kisha urudie baada ya miezi mitatu, uandike ngapi zimeota kila mara.

Zikaushe kivulini, tia kwenye chupa yenye mkaa mkavu, kisha uliza vituo vya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) vya Dakawa au Ifakara kama wanazipokea. Kuzichavusha na mpunga wa shambani, halafu kuwachavusha watoto tena na mzazi wa shambani vizazi kadhaa ili kupukutika kutoke, hiyo kazi waachie wao.

Ukitaka kuotesha kidogo ujionee, tumia ndoo, mbali na majaruba. Chavua husafiri pande zote mbili: Marekani, mpunga uliotengenezwa kuvumilia dawa ya magugu ulianza kuuzwa 2002, na uvumilivu huo ukahamia kwenye mpunga pori wa jirani.

Mimea iliyobaki jarubani ing'oe kabla haijapukutika, uitoe nje kabisa na kuichoma. Mwaka mmoja niliilaza juu ya tuta kwa uvivu. Msimu uliofuata nilipalilia tuta.