Kuchagua Vifuniko vya Kibodi Vyenye Herufi za Kiarabu

Walimu wa madrasa wanaotunga mitihani hapa Mwanza, na wachapaji wa kadi za harusi, wengi wao huandika Kiarabu kwa kukariri mahali pa kila herufi au kwa kubandika stika ambazo hung'oka kwa jasho la vidole. Atakayeamua kununua vifuniko vya vitufe vilivyochapwa herufi hizo aanze na mpangilio, rangi zije baadaye.

Kifuniko hakiamui kitakachotokea kwenye skrini. Kinachoamua ni mpangilio wa lugha uliowashwa kwenye kompyuta. Washa Kiarabu kwanza, kisha linganisha picha ya muuzaji na kitufe kimoja kimoja. Katika mpangilio uliozoeleka wa Windows, ض hukaa palipo Q, ش palipo A, na لا hupatikana kwa kubonyeza B mara moja. Herufi za Kiarabu hazienei katika vitufe 26 vya Kilatini: ج na د huchukua mabano ya mraba, ك nuktamkato, ط ritifaa ('), و mkato, ز nukta, ظ mkwaju (/), na ذ kitufe kilicho kushoto kwa namba 1. Niliwahi kuagiza seti ya vifuniko 26 tu. Ilipofika, herufi و, ambayo ndiyo «na» ya Kiarabu, haikuwamo, na niliumia sana kwa sababu ningeweza kuhesabu kabla ya kulipa.

Anayeandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu ana jambo zaidi la kuangalia. پ na چ hazimo katika mpangilio huo, bali zimo katika ule wa Kiajemi, ambao baadhi ya herufi zake hukaa kwingine. Hivyo achague mpangilio kwanza, kisha anunue vifuniko vinavyoufuata.

Baada ya hapo, ng'oa kifuniko kimoja cha kibodi yako utazame shina la swichi, yaani kijiti ambacho kifuniko huchomekwa juu yake. Seti nyingi zinazouzwa hutengenezwa kwa shina lenye umbo la msalaba, na hazivai kwenye kompyuta mpakato. Pima pia kitufe cha nafasi na utazame umbo la Enta, kwa maana seti isiyolingana navyo huacha mapengo.

Kuhusu plastiki, aina iitwayo PBT huchelewa kung'aa kwa kusuguliwa kuliko ile iitwayo ABS. Herufi zilizoundwa kwa plastiki ya pili ndani ya kifuniko hazifutiki, ilhali zilizochapwa juu juu huanza kufifia kwenye vitufe vinavyobonyezwa sana.

Siku ya kuvivika, piga picha ya kibodi kabla ya kung'oa chochote, tumia kifaa cha waya cha kung'olea vifuniko badala ya bisibisi, na usafishe chini ya vifuniko kwa brashi laini, hasa kama unafanya kazi usiku karibu na dirisha linaloelekea ziwani, kwa kuwa wadudu wa ziwa hufuata taa na kujazana katikati ya swichi.