Jinsi ya Kutengeneza Kasa wa Kunukia kwa Mtoto Aliyelazwa

Katika wodi ya watoto, iwe Mtwara au Lindi, vitanda hukaribiana, madirisha huwa wazi kwa ajili ya joto, na pangaboi husambaza kila harufu. Kwa sababu hiyo usitengeneze chombo cha umeme kinachopuliza mvuke wenye harufu: tangi lake la maji huzalisha bakteria, na harufu inayomtuliza mtoto mmoja yaweza kumbana kifua jirani yake mwenye pumu. Tengeneza kitu kikavu, cha kushikwa mkononi, ambacho harufu yake humfikia yule tu anayekisogeza puani.

Anza na umbo. Bibo la mkorosho lingependeza, na kila mtoto wa huku analijua, lakini chochote kilicho kama tunda kitang'atwa. Kasa wa baharini anafaa zaidi, kwa kuwa gamba lake hujaa kiganjani na mistari yake yaweza kutobolewa matundu membamba ya kupitishia harufu pasipo kuharibu sura. Mpingo, pamoja na sifa zote za wachongaji wa Kimakonde, uache, kwani nakshi na nyufa za mti hazitakasiki vizuri. Tumia silikoni inayostahimili sabuni na klorini, wala usibandike macho ya shanga. Kwa watoto walio chini ya miaka 3, kipimo cha viwandani ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7: kipande kinachoingia humo kizima kinaweza kumkwama mtoto kooni.

Tumboni mwa kasa weka kikombe cha chuma kisichoshika kutu, kwa sababu mafuta ya ganda la chungwa huyeyusha baadhi ya plastiki, kisha utie pedi ya pamba na kufunga kifuniko kwa skrubu inayohitaji bisibisi. Tone 1 la mafuta ya chungwa au lavenda linatosha. Aliyesimama kitanda cha pili asisikie harufu yoyote. Mkaratusi, kafuri na mnanaa usivitumie, maana huweza kuvuruga upumuaji wa watoto wachanga. Chupa ibaki kwa muuguzi, kila mtoto awe na pedi yake, na anayepewa oksijeni asipewe kasa kabisa, kwani penye oksijeni nyingi mafuta hushika moto upesi.

Daktari akisharidhia, mpe mtoto kasa saa ya utulivu, mama yake akimsimulia hadithi. Ukimpa kwa mara ya kwanza wakati wa sindano, ataihusisha harufu ile na maumivu, na kesho yake akimwona tu kasa ataanza kulia.